Siku Karani Alipobeba Sanduku

Haya ni kweli tupu. Sijaongeza chumvi, na atakayesema nimedanganya nitampeleka mahali penyewe nimwonyeshe shimo kwenye saruji, pale fuawe ilipoangukia, shimo ambalo kuku wa jirani wanakunywa maji humo mpaka leo. Kuku hawana sababu ya kunisaidia kudanganya.

Mzee Spana alikuwa fundi mstaafu wa karakana ya mabehewa. Alikuwa mtu mwembamba mwenye mikono mikubwa kuliko mwili, kana kwamba aliiazima kwa mtu akasahau kuirudisha. Tangu astaafu kazi yake ilikuwa moja tu: kukaa kibarazani na kuwalisha watu uongo. Hakuwa mwongo wa kuharibu. Alikuwa mwongo wa kuchangamsha, na majirani walimvumilia kama wanavyomvumilia mtu mwenye redio ya sauti kubwa. Mkewe alikuwa ameshatangulia. Nyumbani alibaki na mama yake, ajuza aliyekonda kama uzi, na binti yake wa pekee, mshonaji wa nguo.

Walikaa kwenye laini, zile nyumba ndefu zilizojengwa na Kampuni kwa ajili ya wafanyakazi, safu mbili zinazotazamana na uchochoro mmoja katikati, kutoka lango la karakana mpaka kwenye bomba la maji. Kila mlango una dirisha lake, na kila dirisha lina macho yake. Ukipita na kuku kwapani, kabla hujafika bombani watu wameshajua utampika na nini.

Sasa, wageni walioijenga karakana ile enzi za utawala wao walikuwa na akili ya kishetani. Walikusanya watu kutoka pande zote, kila mmoja na lugha yake, wakawalaza kwa kuwachanganya makusudi. Chumba kimoja kisiwe na wawili wanaoelewana, wasije wakapanga jambo. Wakubwa wenyewe hawakujisumbua kujifunza lugha ya mtu. Walijiokotea maneno ya kujaza kiganja, leta, peleka, inua, shusha, haraka, nyamaza, na kwa maneno hayo hayo waliwasemesha nyumbu, mbwa na mafundi.

Nyumbu hawakuyafanyia kitu maneno yale, na mbwa vilevile. Lakini wale watu wa vyumba vya mchanganyiko hawakuwa na kitu kingine cha kushirikiana. Wakayabeba maneno ya amri wakaenda nayo nyumbani, wakaanza kuombana chumvi kwayo, kutaniana kwayo, kuchumbiana kwayo. Watoto waliozaliwa laini hawakujua kama hiyo ni lugha ya kuokoteza. Kwao ilikuwa lugha ya mama, basi. Wakaitia nyimbo na matusi na siri. Mtu akifariki hawasemi amekufa, wanasema "yeye toka zamu". Mwanamume akimpenda mwanamke humwambia "wewe jeki ya mimi", kwa kuwa ndiye anayemwinua. Wenyewe waliiita Kikarakana. Watu wa mjini waliiita majina mengine, na jina moja kati ya hayo ndilo lililoleta balaa.

Balaa liliingia kwa mlango wa mbele, limevaa suti. Lilikuwa Karani, baba wa kijana aliyetaka kumwoa binti wa Mzee Spana. Alikuwa amestaafu ukarani mkuu wa ofisi ya mizigo mjini, na suruali yake ilipigwa pasi mpaka mkunjo wake ungeweza kukata mkate. Alikuja na mwanawe kuleta posa. Kabla ya kukaa alitoa leso akafuta kiti. Mzee Spana aliiona ile leso, na damu ikaanza kumchemka kabla hata ya salamu.

Bibi, yaani yule ajuza, aliwasikia kutoka chumba cha ndani. Hakuwa na lugha nyingine zaidi ya Kikarakana, basi akauliza nyuma ya pazia: "Mgeni kula? Mgeni shiba?"

"Anasemaje?" Karani akauliza.

"Anauliza kama mmekula, mzee," binti akajibu.

"Ndivyo anavyouliza hivyo? Kama anaita kuku?"

"Kuku wetu," Mzee Spana akasema, "tunawasemesha kwa adabu zaidi ya hapo, Bwana Karani. Wenyewe wanatuitikia shikamoo."

Kijana alicheka kidogo ili kuipoza hewa. Baba yake hakucheka.

"Mzee mwenzangu, tusizunguke. Binti yako simkatai. Ana adabu, ana kazi yake, na huyu hapa kamganda hasikii wala haoni. Sharti langu ni moja. Wajukuu zangu wasisemeshwe hiyo lugha yenu. Hiyo ni lugha waliyokuwa wakisemeshwa mbwa. Mimi siwezi kuwa na ukoo wa kuitwa kwa mluzi."

Nyuma ya pazia kikombe kiliwekwa chini taratibu. Binti aliangalia miguu yake. Mzee Spana akasimama, na alipokuwa anasimama viungo vyake vililia kimoja kimoja, kama behewa linaloanza safari.

"Umemwita mama yangu mbwa, nyumbani kwake."

"Nimesema lugha, sikusema mtu."

"Na hiyo lugha inaongewa na nani? Na viti?"

"Baba," kijana akanong'ona, akimvuta Karani koti. "Baba, tafadhali."

Karani alivuta pumzi. Tumpe haki yake, alijua kuwa amevuka mpaka. Akakohoa, akaurekebisha uso wake, akasema: "Basi. Niwieni radhi. Naomba samahani kama nimewakwaza."

Hapo ndipo mambo yangeisha. Mtu mwingine angepokea, chai ingemwagwa vikombeni, na mimi nisingekuwa na la kusimulia. Lakini hasira ilikuwa imeshampanda Mzee Spana, na kwake hasira na uongo vililala kitanda kimoja.

"Samahani?" akasema. "Hiyo kwetu haipo."

"Haipo vipi?"

"Neno lenyewe halipo. Lugha yetu tuliiokota midomoni mwa wakubwa, na mkubwa gani uliwahi kumsikia akimwomba fundi samahani? Neno halikusemwa, basi hatukuliokota. Kwetu mtu akikosea hasemi, anabeba." Akanyoosha kidole chake kinene kuelekea pembeni, kwenye sanduku la vyuma lililokuwa na zana zake zote. "Anabeba sanduku la yule aliyemkosea. Kuanzia lango la karakana mpaka mlangoni pake, mchana kweupe, mbele ya madirisha yote. Akifika, yameisha. Asipobeba, hakuna ndoa. Ndiyo mila yetu tangu laini ilipojengwa."

"Baba," binti akasema polepole, "mimi sijawahi kuona mtu akibeba."

"Kwa sababu sisi ni watu wa heshima, hatukoseani."

Karani alivaa kofia yake akatoka bila kuaga. Kijana alibaki mlangoni kidogo, akamwangalia binti, kisha akamkimbilia baba yake.

Walipokwisha kuondoka, binti hakufoka. Angefoka, Mzee Spana angejua la kufanya. Alikaa kwenye cherehani yake, akakata uzi kwa meno, akasema:

"Mwenzangu amehamishiwa stesheni ya mbali. Anaondoka mwisho wa mwezi, na mimi naondoka naye. Nikiwa nimeolewa au sijaolewa, kwa baraka zako au bila baraka zako. Ila nikiondoka bila, Baba, usinitafute. Sitarudi laini hii hata kwa msiba."

"Hata kwa msiba wangu?"

"Hasa huo."

Mzee Spana alicheka kicheko cha kukauka. Usingizi haukumjia kwa siku kadhaa. Angeweza kwenda kwa Karani na kusema, bwana, yale ya sanduku nilikuwa nakutania. Lakini habari ilishavuka madirisha yote. Vijana wa laini waliipokea mila mpya kwa furaha kubwa, wakaanza kusema hata babu zao waliwahi kubeba. Mama Pasi wa nyumba ya tatu, mfua nguo wa hapo, aliapa kuwa marehemu mumewe alibebewa sanduku mara mbili. Uongo ukishapata ndugu, unakuwa mgumu kuufukuza.

Karani naye alijibu kwa namna ya watu wa ofisini. Alimtuma msukuma mkokoteni aje kulichukua sanduku, alipeleke langoni na kulirudisha, akidhani kazi ni kazi ilimradi imefanyika. Mzee Spana alimkuta yule mtu analikagua sanduku, akamwuliza: "Wewe ndiye uliyemtukana mama yangu?"

"Mimi? Hata simjui, mzee."

"Basi acha. Mwambie aliyekutuma kwamba tusi halikuja kwa mkokoteni. Lilikuja kwa miguu yake mwenyewe."

Madirisha yalishangilia. Kwa kelele zile Mzee Spana alizidi kuvimba, na usiku ule alifanya jambo la ovyo: alilifungua sanduku, akatoa tupa na koleo, akaweka humo fuawe ya karakana, kile kipande kikubwa cha chuma ambacho mhunzi hugongea vyuma vyake. Akafunika kwa matambara juu.

Karani alikuja Jumamosi. Alikuja peke yake, hana suti, amevaa shati la kazi ambalo lilikuwa bado na mikunjo ya dukani. Kijana wake alikuwa ameacha kula nyumbani, akaacha kumsalimia, na mwisho akamwambia kwamba atahama bila kumwachia hata jina la stesheni. Karani hakuyasema hayo kwa mtu, lakini yalikuwa yameandikwa usoni. Mkokoteni wa karakana ulishalifikisha sanduku langoni. Akainama, akalishika, likakataa. Akalishika tena.

"Mzee mwenzangu, mnaweka nini humu? Reli?"

"Zana za kazi, Bwana Karani. Wewe umezoea kubeba kalamu."

Akalinyanyua. Uso ulimgeuka rangi, shingo ikatoa mishipa minene kama kamba. Hatua kwa hatua akaingia uchochoroni, na madirisha yakafunguka yote, mengine yakiwa na vichwa vitatu vitatu.

"Karibu laini, mkuu!"

"Mkwe mtarajiwa, kaza! Bibi harusi yuko huku!"

"Leso iko wapi leo? Futa basi!"

Mzee Spana alimfuata nyuma akiwa ameweka mikono mgongoni. Mwanzoni alinyamaza. Kisha Karani akapunguza mwendo, na Mzee Spana, kwa kuchekesha tu, akasema kwa Kikarakana: "Haraka wewe!"

Madirisha yakalipuka kwa kicheko. Kicheko kile kilikuwa kitamu, akakitaka tena.

"Inua! Inua juu! Wewe lala? Wewe kula bure?"

Vijana wakacheka. Lakini wazee wa laini waliacha. Mmoja akafunga dirisha lake. Sauti ile haikuwa ya Mzee Spana. Ilikuwa imetoka mahali pengine, kavu, ya puani, na kila aliyekuwa na umri wa kutosha aliijua ilikotoka. Yeye mwenyewe hakujisikia. Alikuwa anatembea kifua mbele, kidole juu, anapiga kelele: "Haraka! Haraka! Nyamaza! Inua!"

Karibu na mlango Karani aliteleza. Sanduku lilimponyoka, kona yake ikagonga ngazi, kifuniko kikaruka, na fuawe ikatoka ikachimba lile shimo nililowaambia. Karani alianguka kifudifudi. Miwani yake ilivunjika kioo kimoja, na kiganja chake kilichanika.

Binti alitoka mbio, akapiga magoti, akaanza kumfunga Karani mkono kwa kitambaa cha cherehani. Aliiangalia fuawe, akamwangalia baba yake.

Na Bibi akatoka. Alikuwa hajafika mlangoni tangu masika. Alishika mwimo kwa mkono mmoja, akaangalia sanduku, damu, chuma na madirisha. Akauliza kwa sauti ndogo:

"Nani vunja?"

Nisimame hapa kidogo, maana asiyezaliwa laini hataelewa kwa nini watu wazima waliinamisha vichwa. Hilo ndilo lilikuwa swali la wakubwa. Chombo kikivunjika karakanani, mafundi walipangwa mstari na kuulizwa: nani vunja? Aliyejibu alichapwa. Asipopatikana wa kujibu, walichapwa wote. Kwa hiyo swali hilo watu walifundishwa kulikalia kimya, hata mfupa ukionekana.

"Mama, rudi ndani, kuna jua," Mzee Spana akasema. "Ni ile mila yetu ya sanduku. Bwana amekosea, anabeba."

"Mila gani?"

"Ya kubeba. Kama Baba. Nilimwona Baba akibeba sanduku hapa hapa, mimi nikiwa mdogo. Watu wote wamesimama madirishani kwa heshima. Alikuwa anaomba radhi kwa mtu."

Alichosema Bibi alisema kwa Kikarakana, nami nakiweka kwa maneno ya kawaida. Alisema: baba yako hakuwa anaomba radhi kwa mtu. Alivunja jeki, akaadhibiwa. Walimjazia sanduku vyuma akapitishwa mbele ya nyumba zetu, na sisi tuliamriwa kusimama madirishani tuangalie, atakayefumba macho naye abebe. Nyuma yake alitembea mkubwa, mikono mgongoni, akimwambia haraka, inua, wewe lala. Nikakufunika uso kwa khanga yangu. Kumbe ulichungulia.

Mzee Spana aliiangalia mikono yake mikubwa.

"Na radhi tuliombana," Bibi akaendelea. "Nani amekwambia hatukuwa na neno? Tulilala watu kumi chumba kimoja, tungeishije bila kuombana radhi? Ukimkosea mwenzio ulikwenda kwake, ukamjibu lile swali ambalo mkubwa hakujibiwa hata kwa fimbo. Ulisema: mimi vunja. Basi. Hakuna mtu aliyebebeshwa kitu." Kisha akauliza tena, sasa akimwangalia yeye peke yake: "Nani vunja?"

Uchochoro ulisubiri. Mzee Spana alitazama lango, akatazama bomba, akatafuta hadithi ya kupitia katikati. Haikuwepo.

"Mimi," akasema. "Mimi vunja."

"Sijasikia," Karani akasema kutoka chini, akitema vumbi.

"Mimi vunja, Bwana Karani."

"Na chuma kile ulikiweka wewe?"

"Nilikiweka mimi."

"Na mila?"

"Nilitunga. Nikiwa nimesimama pale pale mbele yako."

Karani aliketi, akaivaa miwani yake ya kioo kimoja. "Mimi nilisema samahani siku ya kwanza," akasema. "Mkaitupa. Sina la kuongeza. Harusi iwepo, kwa sababu sitaki kumpoteza mwanangu kwa ajili ya mtu kama wewe. Lakini mimi na wewe hatutakula meza moja. Na sharti langu liko pale pale."

"Sharti lako," binti akasema, huku akikaza fundo la kitambaa, akalikaza kuliko lilivyohitaji, "limevunjikia hapa na sanduku, baba mkwe. Watoto wangu nitawabembeleza kwa lugha niliyobembelezwa mimi. Yule bibi ndiye atakayewafundisha, akiwa hai."

"Tutaonana."

"Tutaonana sana tu. Inua mkono juu, damu isishuke."

Kisha akamgeukia baba yake. Macho yake yalikuwa makavu.

"Fuawe hiyo inarudi karakanani. Utaibeba wewe, sasa hivi. Kila dirisha uliloliita kuangalia, utasimama mbele yake useme ulichomwambia Bibi. Na usitie hadithi njiani. Hata moja, Baba. Ukifika langoni bila uongo, nitangoja uniozeshe. Ukichomekea hata kauongo kadogo, kesho naondoka."

"Mwanangu, mgongo wangu huu..."

"Umeshaanza?"

Akainama, akaikumbatia fuawe kifuani kama mtu anayemtoa mtoto kwenye maji, akasimama nayo. Karani alipewa kiti, akaketi kibarazani na kiganja chake hewani, akimtazama bila huruma hata chembe.

Dirisha la kwanza: "Mimi vunja." Wakamwitikia kwa kichwa. Dirisha la pili wakajifanya viziwi, akarudia, wakajifanya viziwi tena. Kwa Mama Pasi ilikuwa vibaya zaidi, maana mama yule naye alikuwa na la kujibu kuhusu marehemu mumewe, basi alimtolea hasira zote. Watu wa laini walimjua mtu wao. Walijua anachosumbuka nacho si chuma, ni ulimi, na kila dirisha lilimtegea.

"Mzee Spana, ni kweli Karani alilia?"

"Hakulia."

"Ni kweli alikupigia magoti?"

"Aliteleza."

"Tuambie basi mkubwa wa zamani alikuwa na urefu gani! Si uliwahi kumwona?"

Jibu lilikuwa limeshafika kwenye meno, na lilikuwa jibu zuri sana, lenye kofia iliyogusa nyaya za umeme. Akalimeza. "Wa kawaida," akasema. Binti alikuwa anatembea kando yake, hamsaidii kubeba, hamwangalii.

Dirisha la mwisho kabla ya lango lilikuwa la mhunzi mwenzake wa zamani, mtani wake mkubwa, aliyekuwa ameegemeza viwiko kwenye kizingiti akimngojea kwa hamu.

"Ehe, Spana! Hiyo fuawe ina uzito gani?"

Mzee Spana alisimama. Jasho lilimchuruzika mpaka kidevuni. Binti alikuwa amesimama hatua moja mbele, ameshika komeo la lango.

"Si nzito sana," akasema. "Mimi ndiye nimezeeka."

Binti akavuta komeo, akafungua.